Hata honi, mwanangu?

Ndugu zangu, leo sina habari ya waziri wala ya mkutano na waandishi. Leo nakiri kosa. Miezi miwili iliyopita nilimgonga mama mmoja, mtu mzima, kwenye uchochoro wa Sinza, na chombo nilichomgongea kilikuwa baiskeli ya umeme. Nimekaa na jambo hili rohoni nikijiuliza niliandike au nilinyamazie. Nimeamua kuliandika, maana kila siku naandika makosa ya wengine: ya madereva wa mabasi, ya bodaboda, ya wakubwa. Kalamu huwa haitetemeki. Sasa ngoja itetemeke kidogo.

Ilikuwaje? Baiskeli yenyewe si yangu. Ni ya rafiki tunayepanga naye nyumba moja, ambaye kazi yake ni kusambaza chakula na vifurushi mjini. Ina pedeli kama baiskeli yoyote ile, lakini mkono wa kulia una kile kitu tunachokiita "mafuta". Unavuta mafuta ingawa mafuta hayamo, na chombo kinaondoka kimya kimya kama paka. Siku hiyo nilikuwa nimechelewa kazini. Daladala zilikuwa zimejaa, mwenzangu alikuwa amelala, nikaomba funguo. Helmeti yake ilikuwa imening'inia ukutani. Nikaitazama, nikaiacha. Nilijiambia, hii si ni baiskeli tu? Nikachomeka hedifoni masikioni, nikaondoka.

Kwenye uchochoro ule kisahani kilikuwa kinaonyesha kilometa 32 kwa saa. Kwa hesabu ya haraka hiyo ni kama mita 9 kila sekunde moja. Mama alitokea kwenye geti la nyumba akiwa na ndoo ya maji kichwani. Hakutazama upande wangu, na kwa nini atazame? Kwa miaka yote aliyoishi mtaa ule, kitu kinachokwenda kasi kimekuwa kikitangaza kuja kwake kwa muungurumo. Masikio yake hayakumwambia kitu. Nikashika breki, nimechelewa. Ndoo ikaruka, maji yakanimwagikia, na mama akaanguka kwa mkono.

Neno lake la kwanza halikuwa tusi. Alikaa chini kwenye matope ya maji yake mwenyewe, ameshika mkono, akanitazama na kusema: "Hata honi, mwanangu?"

Sikuwa na jibu mpaka leo. Honi ilikuwepo, sikuipiga.

Basi tukaanza safari ya kutafuta PF3, kwa sababu mnajua wenyewe, majeruhi wa barabarani anatakiwa kuwa na fomu hiyo ya polisi. Hapo kaunta ndipo kichekesho kilipoanza, kama si kwamba mama wa watu alikuwa anaugulia pembeni. Afande akauliza, "Chombo gani?" Nikasema baiskeli. Akaniuliza baiskeli gani inayomvunja mtu mkono namna hii. Nikasema ni ya umeme. "Kwa hiyo pikipiki." Nikasema ina pedeli. "Namba?" Haina. "Kadi?" Haina. "Bima?" Haina. "Cc ngapi?" Haina cc, afande. Akaweka kalamu mezani akaniangalia kama mtu anayemfanyia mzaha. Mwishowe akaandika "chombo cha umeme", akapiga muhuri, tukaondoka.

Nataka nimtendee haki afande yule. Hakuwa mjinga wala mkorofi. Alikuwa anajaribu kujaza fomu ambayo haikutarajia swali kama langu. Na hapo ndipo penye kiini cha haya ninayoandika leo: hatujaamua kitu hiki kinaitwa nani. Kitu kisichokuwa na jina sheria haijui ikiwekee masharti gani, na aliyegongwa nacho hajui adai wapi.

Tazama mambo yalivyo. Sheria yetu mama ya Usalama Barabarani ni ya mwaka 1973. Imefanyiwa marekebisho, lakini mifupa yake ni ile ile ya zama ambazo chombo kilikuwa ama kinasukumwa na miguu ama kinaunguruma. Madaraja ya leseni za pikipiki yamepangwa kwa ujazo wa silinda: daraja A3 kwa vipikipiki visivyozidi cc 50, A1 kwa zilizo chini ya cc 125, na A kwa zinazozidi hapo. Sasa mota ya umeme haina silinda. Haina cc hata moja. Yenyewe hupimwa kwa wati. Ukitaka kuwa mbishi unaweza kusema chombo chenye nguvu kuliko bodaboda yoyote ya Kariakoo kina cc sifuri, kwa hiyo ni kidogo kuliko vyote! Mwanasheria atakujibu kwamba chochote kinachojiendesha kwa mtambo ni chombo cha moto, na mwenye nacho anatakiwa awe na leseni, usajili na bima. Huenda yuko sahihi. Lakini akiwa sahihi, basi hata kijana mwenye baiskeli ya kumsaidia kupanda kilima tu, inayokwenda taratibu kuliko mtu anayekimbia mazoezi, naye ni mhalifu. Kila mtu akiwa mhalifu, hakuna anayejali uhalifu.

Wenzetu walikata shauri hili zamani kidogo, na hawakulikata kwa kuangalia pedeli. Waliangalia nguvu na mwendo. Nchi za Umoja wa Ulaya zinasema: mota isiyozidi wati 250, inayomsaidia mtu anayekanyaga pedeli, na inayoacha kusaidia ukifika kilometa 25 kwa saa. Ikiwa hivyo, ni baiskeli, haihitaji leseni wala namba. Ikizidi hapo ni kitu kingine. Uingereza ni karibu hivyo hivyo, na wameongeza umri: aliye chini ya miaka 14 haruhusiwi. China, ambako vyombo hivi vimejaa barabarani, ilianza kutumia viwango vipya Aprili 2019: mwendo usiozidi kilometa 25 kwa saa, mota isiyozidi wati 400, uzito usiozidi kilo 55, na kwa viwango hivyo vya 2019 ilikuwa lazima pedeli ziwepo. Kilichozidi hapo kilihesabiwa pikipiki, na mwenyewe alibeba masharti ya pikipiki.

Kwa kipimo hicho, nilichopanda siku ile kilikuwa pikipiki iliyovaa nguo za baiskeli. Kwa nini kilometa 25 na si 40? Jibu analo mwalimu wako wa fizikia wa kidato cha tatu. Mwendo ukiongezeka mara mbili, nguvu ya mgongano haiongezeki mara mbili, inaongezeka mara nne. Kwa mwendo wa kilometa 15 huenda mama yule angeyumba, ndoo ingeanguka, ningetukanwa na mtaa mzima, tukaishia hapo. Tofauti ya matusi na mfupa uliovunjika ni namba kwenye kile kisahani.

Najua kuna msomaji anasema: wewe nawe, bodaboda zenye namba za MC, kadi na kila kitu, mbona zinabeba mishkaki, zinapita taa nyekundu, zinaingia njia ya mwendokasi, zinatanua mpaka kwenye njia za waenda kwa miguu? Sheria zipo na hakuna anayezifuata. Ya nini kuongeza nyingine?

Hoja hiyo ina uzito, sitaidharau. Ila tukumbuke bodaboda ziliingiaje. Ziliingia kwanza, kanuni zikaja zikizikimbiza kwa nyuma. Vijana walinunua, walijifunza kuendesha kwa siku mbili uwanja wa shule, wakaingia barabarani. Wakati wakubwa wanakaa kupanga leseni na vituo, tayari tabia ilikuwa imekomaa, na tabia iliyokomaa barabarani haifutwi kwa tangazo. Matokeo yake wodi za majeruhi wa mifupa mnazijua. Kama kila baada ya muda inatoka amri ya kuziondoa katikati ya jiji na kila baada ya muda zinarudi, ni kwa sababu tunajaribu kukunja mti mkavu. Vyombo vya umeme bado ni mti mbichi. Bado ni vichache kiasi kwamba ukikiona kimoja Mwenge unageuza shingo. Huu ndio wakati wenyewe.

Ukichelewa, unaishia wapi? Angalia Paris. Skuta za umeme za kukodi, zile za kusimama, ziliingia pale mwaka 2018. Unazifungua kwa simu, unapanda, ukifika unaiacha popote. Nazo ziliachwa popote kweli: katikati ya njia za miguu, milangoni, mpaka mtoni. Watu wakapanda wawili wawili, wakapita kwenye njia za waenda kwa miguu. Juni 2021 mwanamke mmoja Mtaliano aligongwa akitembea kando ya Mto Seine na skuta iliyobeba watu wawili, akafariki. Jiji likaanza kuweka mipaka ya mwendo na sehemu za kuegesha, lakini wananchi walishachoka. Kwenye kura ya Aprili 2, 2023, asilimia 89 ya waliopiga kura walizikataa. Ni kweli kwamba waliojitokeza hawakufika hata asilimia 8 ya waliojiandikisha, lakini ilitosha. Ilipofika Septemba mwaka huo skuta za kukodi zipatazo elfu 15 zilikuwa zimeondolewa. Skuta za watu binafsi zikabaki, nchi nzima ikiwa na masharti: kilometa 25 kwa saa, mtu mmoja kwa chombo, umri kuanzia miaka 14.

Singapore nayo ilijaribu kuchanganya skuta na watembea kwa miguu kwenye njia moja. Mwanzoni mwa 2019 walipunguza mwendo kwenye njia za miguu kutoka kilometa 15 mpaka 10 kwa saa. Septemba mwaka huo mama mwenye umri wa miaka 65 aliyekuwa kwenye baiskeli aligongana na skuta, akafariki. Novemba 5, 2019 skuta zikapigwa marufuku kabisa kwenye njia za miguu. Walioumia na marufuku ile ni pamoja na vijana wanaosambaza chakula, ambao kutwa nzima walikuwa wanategemea njia hizo. Uzembe wa wachache uliwalipisha wote. Nikisoma habari ile namfikiria mwenzangu wa nyumbani. Mimi ndiye niliyegonga, lakini marufuku ikija, riziki itakayokatwa ni yake.

Ndiyo maana sipendi marufuku. Marufuku ni adhabu wanayopewa waungwana kwa sababu kanuni zilichelewa.

Tukiachana na barabara kuna jambo la pili ambalo kwa mji wetu linanitisha zaidi, nalo ni betri. New York mwaka 2023 watu 18 walikufa kwa moto uliosababishwa na betri za lithiamu, nyingi zikiwa za baiskeli na skuta za umeme. Betri za bei rahisi, zilizokarabatiwa kienyeji, zilizochajiwa usiku ndani ya nyumba kwa chaja isiyo yake. Moto wa betri hizi hauanzi kwa moshi wa kukuamsha pole pole. Seli moja inapata joto, inawasha ya jirani, na baada ya muda mfupi chumba kimekwisha. Ukidhani umeuzima unaweza kuwaka tena. Jiji lilipitisha sheria yake ndogo iliyoanza kazi Septemba 2023: hakuna kuuza chombo wala betri isiyopimwa usalama. Mwaka 2024 waliokufa walikuwa 6. Huwezi kusema sheria peke yake ndiyo iliyofanya kazi yote, lakini tofauti ya 18 na 6 si ndogo kwa wale 12 ambao pengine wangekuwemo. China nayo Februari 2024 ilipoteza watu 15 katika jengo la ghorofa mjini Nanjing. Moto ulianzia chini, kwenye sehemu ambayo baiskeli za umeme ziliegeshwa.

Sasa njoo kwetu. Nyumba ninayopanga ina vyumba sita na korido moja. Mlango wa kutokea ni mmoja, na madirisha yote yana nondo kwa ajili ya wezi. Baiskeli inachajiwa wapi? Koridoni, karibu na mlango, kwa sababu ndipo penye soketi. Ekstensheni imefungwa gundi ya karatasi mahali ilipochubuka. Ugomvi pekee tulioufanya kuhusu baiskeli ile ulikuwa wa LUKU: nani analipa uniti? Tulikaa kikao, tukapiga hesabu, tukaelewana. Hakuna aliyeuliza, mimi nikiwemo, kwamba ikiwaka usiku sisi wa vyumba vya ndani tutatokea wapi. Tumezoea kuita gari na pikipiki "vyombo vya moto". Hiki cha umeme ndicho kitakachostahili jina hilo siku tukizembea.

Wanaosema haya ni mambo ya Wazungu na Wachina watazame jirani. Kigali, tangu Januari 2025, pikipiki mpya ya biashara ya kubeba abiria haisajiliwi kama si ya umeme. Na ni mji ambao kwa miaka mingi mwenye pikipiki ya abiria anabeba mtu mmoja, na abiria anapewa helmeti yake. Wametangulia nidhamu, umeme ukaja ukakuta nyumba imefagiliwa. Sisi umeme unakuja ukikuta mishkaki.

Nifanye nini mimi mwandishi wa kawaida zaidi ya kulalamika? Nimeandika haya nikiwa na orodha fupi. Si ya mtaalamu, ni ya mtu aliyekalia benchi la hospitali akiwa na matope kwenye suruali.

Kwanza, jina. Hili ni la Bunge na wizara, mtaa hauliwezi. Wakate mstari kwa wati na mwendo. Chini ya mstari ni baiskeli: haina leseni, haina namba, mwache kijana apumue. Juu ya mstari ni pikipiki: leseni, namba, bima, bila kujali kama ina pedeli za urembo. Na madaraja ya leseni yaongezewe kipimo cha wati ili afande asiulize tena cc za kitu kisichokuwa na silinda.

Pili, mwendo wa uchochoroni. Hapa hatuhitaji kusubiri Dodoma. Halmashauri za miji zina mamlaka ya kutunga sheria ndogo tangu Sheria ya Serikali za Mitaa ya 1982. Zinatunga za usafi, za ushuru, za mifugo. Zitunge na hii: kwenye vichochoro na njia za miguu, chombo chochote chenye mota kiende mwendo wa mtu anayetembea, au mwenyewe ashuke akikokote. Serikali ya mtaa ibandike kibao. Mwenyekiti wa mtaa anawajua vijana wake kwa majina kuliko trafiki yeyote.

Tatu, sauti. Kule Ulaya magari mapya ya umeme yote yanatakiwa tangu Julai 2021 kutoa sauti maalumu yakiwa kwenye mwendo mdogo, usiozidi kilometa 20 kwa saa, ili wasioona na wazee wayasikie. Lakini kanuni hiyo ni ya magari. Vya magurudumu mawili havimo. Sisi tunaweza kuanza na kitu rahisi, kengele ya baiskeli kama ile ya babu zetu. Kila kona, kila geti, unapiga. Kengele haina cc wala wati, na bei yake haimshindi mtu aliyeweza kununua betri.

Nne, helmeti, na hapa sina la kujitetea. Tafiti nyingi zilizokusanywa pamoja kuhusu pikipiki zinaonyesha helmeti inapunguza uwezekano wa kufa kwa kama asilimia 42 na wa kuumia kichwa kwa kama asilimia 69. Lami haiulizi kama ulianguka kutoka kwenye kitu cha petroli au cha umeme. Na ivaliwe kwa kufungwa kidevuni. Zile tunazozibeba kwenye kiwiko cha mkono mpaka tumwone trafiki zinalinda kiwiko tu.

Tano, betri. Ichajiwe mahali pa wazi au penye hewa, mbali na mlango wa kutokea, mtu akiwa macho, kwa chaja yake yenyewe. Ikivimba, ikiloa kwenye mafuriko yetu haya, au ikianguka kwa nguvu, isichajiwe tena mpaka fundi anayeijua aione. Wenye nyumba, mnaoandika kwenye mkataba "marufuku kufuga mbwa", ongezeni mstari mmoja.

Sita, bima. Ujerumani iliporuhusu skuta za umeme mwaka 2019, iliweka sharti kwamba kila moja iwe na kibandiko cha bima, ingawa mwendo wake hauruhusiwi kuzidi kilometa 20 kwa saa na mwendeshaji hahitaji leseni. Kwa nini? Kwa sababu bima ile si ya mwendeshaji. Ni ya yule mwenye ndoo kichwani. Nadhani hata walio chini ya mstari wangu wa kwanza, kama wanafanya biashara ya kusambaza mizigo, kampuni wanazozifanyia kazi zingetakiwa kuwakatia bima hiyo. Kijana analipwa kwa idadi ya safari, kwa hiyo anakimbia. Anayefaidika na kukimbia kwake asijifiche nyuma ya programu ya simu siku ya ajali.

Na saba, tumpe basi pa kupita. Ukimkataza njia ya miguu, ukamkataza njia ya mwendokasi, anabaki kwenye lami kati ya lori na daladala. Kando ya Barabara ya Morogoro, ulipojengwa mradi wa mwendokasi wa kwanza ulioanza kazi 2016, zilijengwa pia njia za miguu na baiskeli. Nendeni mkazitazame leo: hapa meza ya biashara, pale bodaboda zimeegeshwa, mbele gari la mkubwa. Kanuni isiyompa mtu njia halali ya kupita inageuka mtego, na mitego barabarani tunajua inavyotumika. Sitaki nisomwe vibaya na wakubwa wakaona hapa pana chanzo kipya cha mapato ya faini. Kijana anayesimamishwa mara tatu kwa siku na kuombwa "ya maji" hatajifunza kupunguza mwendo. Atajifunza kukimbia zaidi kufidia alichotoa.

Tunapenda kusema "ajali haina kinga". Unaisikia msibani, unaisikia kwa dereva, hata mimi nimewahi kuiandika gazetini bila kufikiri. Mama yule alivunjika mfupa karibu na kifundo cha mkono wa kulia. Wakamfunga hogo, wakamwambia wiki sita. Yeye ni mpika vitumbua, asubuhi na mapema kila siku, na vitumbua vinageuzwa kwa mkono wa kulia. Nililipia matibabu, nikampa na kiasi cha kumsogeza, na nilipomaliza mshahara ule nilikopa. Lakini wateja wake walihamia kwa mwingine, na hao sikuweza kuwalipia. Niambieni, katika yote niliyoyafanya asubuhi ile, kuanzia helmeti ukutani, hedifoni, kilometa 32, mpaka honi niliyoikalia kimya, ni lipi lililokosa kinga?

Jumapili iliyopita nilikwenda kumwamkia. Hogo limetolewa. Ameanza tena kupika, vichache, anageuza kwa mkono wa kushoto na kucheka mwenyewe vinavyotoka vimepinda. Nikala viwili kwa chai. Wakati tunaongea kijana akapita nje na skuta ya umeme, kimya vile vile, na mjukuu wake wa miaka minne alikuwa anacheza karibu na geti. Mama alinyanyuka kwenye kigoda kwa kasi ambayo sikuitegemea, akamvuta mtoto ndani, akafunga komeo. Hakusema kitu. Akarudi kwenye karai lake.

Siku hizi geti lile linafungwa mchana. Naomba kutoa hoja.